Mwalimu Mwanabaraka na Shule ya Bondeni Mitopeni

Assalaamu alaykum. Ndugu, jamaa, majirani wa Kerege, walimu, na wazee wetu mliotoka Kiwangwa na Saadani, karibuni, na poleni kwa safari. Mimi ni Mwinjuma Amiri, mdogo wake marehemu. Shehe ametuomba tusirefushe, kwa sababu wingu lililoko upande wa bahari mnaliona wenyewe na kaburi liko wazi. Nitasoma yaliyomo kwenye karatasi mliyogawiwa, na pale nitakapoongeza neno mtanivumilia. Dada yangu angekuwapo hapa, angeshauliza mara tatu kama kuna turubai la kufunika kaburi. Lipo. Nimelikagua mwenyewe.

Marehemu Mwalimu Mwanabaraka Amiri Mwinshehe alizaliwa tarehe 3 Machi 1960 katika kijiji cha Kiwangwa, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Amiri Mwinshehe na bibi Zuwena Ishaka, wakulima wa mananasi, mihogo na korosho. Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba Mwanabaraka alikuwa mchanga mtulivu, ila macho yake hayakutulia. Ukimpakata, anatazama nyuma ya bega lako kuona nani anakuja. Sisi wadogo zake tulilelewa mgongoni mwake, naye hakutuacha tusogelee kisima, wala moto, wala beberu la jirani. Kuku akikohoa, yeye ameshauliza kama ni kideri.

Katika masika ya mwaka 1971, ukuta wa jiko letu la udongo ulianguka mchana. Mama alikuwa ametoka kwenda kuchota maji. Hakuna aliyeumia, sufuria tu ndiyo iliyobonyea, na baba alicheka akasema jiko limechoka kupika. Mwanabaraka hakucheka. Tangu siku hiyo, darasani alikaa karibu na mlango. Mwalimu wake akamuuliza, "Wewe binti, mbona unakimbilia mlangoni kama mtu anayetaka kutoroka?" Akajibu, "Nikikaa hapa nauona ukuta wote, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko. Jina la Mwanabaraka Wasiwasi lilianzia hapo, na halikumwacha hadi uzeeni.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975. Zama zile nchi ilikuwa inahitaji walimu wengi kwa haraka, ili kila mtoto apate shule. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa miongoni mwa vijana waliofundishwa ualimu hukohuko vijijini, wanaoitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Asubuhi alifundisha, alasiri alifundishwa. Alihitimu mwaka 1979, na baadaye akajiendeleza chuoni hadi daraja la A. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ile alichinja jogoo, akamwambia, "Mwanangu, wasiwasi wako umepata mshahara."

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Saadani. Wanaotoka Saadani mnajua, mtoto kule anakwenda shule akipita kando ya pori, na pori lina wenyewe. Marehemu alikuwa akiwasindikiza watoto wa vitongoji vya mbali akipiga debe njia nzima, ili tembo na nyati wasikie wanakuja watu. Alijifunza pia jinsi chumvi ya bahari inavyokula mabati na misumari, jinsi upepo unavyoingia chini ya paa na kulinyanyua. Alianza kuyatazama majengo kama daktari anavyomtazama mgonjwa. Ukitembea naye, atasimama katikati ya mazungumzo, atazame ufa wa nyumba ya mtu, aseme, "Huu ufa mwaka jana haukuwepo."

Huko Saadani ndiko alikokutana na marehemu Shamsudin Ausi, seremala. Shamsudin aliitwa kutengeneza madawati ya shule. Kila alipomaliza dawati, Mwalimu alikuja akalitikisa. Shamsudin akasema, "Mwalimu, dawati hilo litazeeka baada yako." Mwalimu akamuuliza, "Na watoto wanne wakipanda juu?" Shamsudin akapanda yeye, akasimama juu ya dawati, akamwita msaidizi wake naye akapanda, wakasimama wawili hivyo huku shule nzima ikiwatazama, mpaka Mwalimu akacheka. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1984, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili, Batuli na Farhan. Shemeji yetu alikuwa mtu mpole, asiyebabaishwa na kitu. Alizoea kusema, "Mke wangu ana wasiwasi wa watu watatu, ndiyo maana mimi na watoto hatuna hata kidogo."

Mwaka 1991 alihamishiwa Kerege. Kerege ya wakati ule ilikuwa nyumba chache kando ya barabara ya Bagamoyo, mashamba ya mikorosho, na watu waliojuana kwa majina ya babu zao. Kisha Dar es Salaam ikaanza kuja. Viwanja vikapimwa, kuta zikapanda, mikorosho ikakatwa, magari ya mchanga yakawa yanapita kutwa. Watoto wakazidi madawati. Mwaka 2005 mkutano wa kijiji ulikubali kutenga eneo la shule mpya kitongoji cha Mitopeni. Eneo lile lilipatikana kwa sababu hakuna aliyelitaka: lilikuwa bondeni, na masika maji yalisimama humo hadi magotini. Upande mmoja linapita korongo linaloshusha maji ya mvua kuelekea baharini. Shule ya Msingi Mitopeni ilifunguliwa Januari 2007, na Mwalimu Mwanabaraka akateuliwa kuwa mwalimu mkuu wa kwanza.

Majengo ya mwanzo yalijengwa kwa haraka, kwa nguvu za wazazi waliojitolea kwa moyo mmoja. Lakini moyo haujui kupima. Yalielekea jua la asubuhi na la jioni, kwa hiyo kuta zilipata moto kutwa. Bati lilikuwa juu ya vichwa bila dari, na ikifika saa sita watoto walisinzia kama waliokunywa dawa. Mvua ikinyesha, sauti ya bati ilimfunga mwalimu mdomo, akabaki kuandika ubaoni. Vyoo vilifurika kila masika. Marehemu alikuwa akirudi nyumbani akiwa hana hamu ya chakula. Shamsudin akimuuliza kuna nini, anajibu, "Mvua." Akiambiwa haijanyesha bado, anasema, "Ndiyo hiyo."

Masika ya mwaka 2009 alikuta ufa kwenye ukuta wa darasa la nne. Akawatoa watoto, akafunga mlango kwa kufuli, akawafundishia nje chini ya turubai. Wakubwa wake wakamwandikia kumtaka aeleze kwa nini anafunga darasa zima kwa ajili ya ufa. Wazazi wakalalamika watoto wanapigwa na baridi. Na ukuta, ndugu zangu, haukuanguka. Masika yakapita, umesimama. Ulipokuja kuvunjwa, wanaume walitoka jasho kwa nyundo. Mzazi mmoja alimwambia mbele ya watu, "Mwalimu, ukuta wako huo unaoanguka mbona umetushinda kuuangusha?" Watu wakacheka, naye akawaacha wacheke hadi wakamaliza. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Nimekosea, na watoto wapo. Sasa tujenge darasa ambalo halitanifanya nikosee tena."

Hapo ndipo alipoingia Naila. Wengi mnamfahamu, ni binti wa hapahapa Kerege, aliyesoma usanifu wa majengo Dar es Salaam na aliyepitia mikononi mwa Mwalimu darasa la kwanza. Naila alijitolea kuchora shule upya. Kwa mwaka mzima walikaa kwenye baraza ya dada, karatasi zimetandazwa mkekani, na vikombe vya chai vimewekwa juu yake zisipeperuke. Naila anachora, Mwalimu anauliza. Na mvua ikija kwa upande huu? Na upepo wa kusi ukiingia hapa, utatokea wapi? Na moto ukiwaka, mlango ukiwa umeziba? Siku moja Naila aliweka kalamu chini, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Tukiendelea hivi tutajenga ngome." Mwalimu akaitikia, "Marahaba mwanangu. Jenga ngome yenye madirisha makubwa."

Shule mnayoiona leo ni majibu ya maswali yale. Madarasa yamelazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua lisiguse kuta ndefu. Msingi umeinuliwa kwa mawe hadi kimo cha kiuno. Matofali ni ya udongo wa palepale, uliochanganywa na saruji kidogo na kufyatuliwa kwa mashine ya mkono, wala hayakuchomwa, kwa hiyo hakuna mti uliokatwa kwa ajili yake. Kuna matundu ya hewa chini na juu, hewa ya baridi inaingia na ya moto inatoka. Chini ya bati kuna dari ya mianzi, na siku hizi mvua ikinyesha mwalimu anasikika. Maji ya paa yanakwenda kwenye tangi lililo chini ya ardhi, lenye mfuniko wa zege na kufuli, maana Mwalimu hakulala mpaka mfuniko ule ulipofungwa. Kila darasa lina milango miwili. Na upande wa chini, pale ambapo maji yalikuwa yakisimama, Naila alichimba bwawa pana la kuyapokea, likazungushiwa wigo wa michongoma. Kiangazi panakuwa bustani ya mchicha na mabamia, na masika panakuwa pa maji. Mwalimu alikuwa akiwaambia watoto, "Maji nayo yamepewa darasa lake." Kazi ya ujenzi ilianza mwaka 2011, na madarasa ya mwisho yalifunguliwa Januari 2014. Shamsudin alitengeneza milango yote. Kila mmoja, mkewe aliutikisa.

Sasa nafika mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au pasisomwe. Wanawe wamesema pasomwe.

Jumatatu, tarehe 16 Aprili 2018, mvua ilianza asubuhi na haikupumzika. Kufikia mchana korongo lilikuwa linanguruma. Marehemu aliamuru mtoto yeyote asitoke mpaka maji yapungue, hata kama ni hadi jioni. Madarasa yalikuwa makavu, na bwawa lilikuwa limejaa kama lilivyokusudiwa. Wazazi wakaanza kufika, wamelowa, wamejaa hofu. Wa mbele alikuwa ndugu Kulwa, ambaye yupo hapa na ameniruhusu nimtaje. Nyumba yake iko ng'ambo ya korongo, lakini alikuwa akitoka kazini upande huu, akapitia barabara ya juu hadi getini.

"Mwalimu, fungua. Nataka mwanangu."

"Kulwa, mwanao yuko darasani, mkavu. Utampitisha wapi?"

"Nitamvusha mgongoni."

"Mgongo ni wako. Mtoto nimekabidhiwa mimi."

"Ni mwanangu, Mwalimu!"

"Najua. Njoo umwone kwa macho yako, roho yako itulie, kisha ukae naye hapa."

Akamchukua hadi darasa la pili. Akafungua mlango, akaita, "Lulu!" Hakuna aliyeitikia. Watoto wakatazamana. Rafiki yake aliyekaa naye dawati moja akasema, kwa sauti ndogo, kwamba Lulu ametoka zamani, mvua ilipoanza. Mama yake alikuwa amemwagiza mvua ikija aende akaanue makopa ya muhogo. Alitokea mlango wa nyuma.

Kulwa anasema hajawahi kuuona uso wa binadamu ukibadilika vile. Mlango wa nyuma ulikuwa wake Mwalimu. Yeye ndiye aliyeung'ang'ania kwenye ramani, siku nyingi, dhidi ya kila aliyesema darasa la mlango mmoja linatosha.

Shamsudin alikuwa shuleni siku ile, anarekebisha dirisha. Mkewe alimtazama, akasema, "Shamsu, nenda." Alichukua kamba, akatoka na Kulwa. Walifuata ukingo wa korongo kwenda juu hadi panapokuwa pembamba. Shamsudin akasema atavuka yeye kwanza, kwa kuwa yeye ni mrefu, na Kulwa ashike kamba. Alifika katikati. Kulwa anasema aligeuka, akanyanyua mkono kama mtu anayetaka kusema sawa, kisha gogo likaja. Kamba ilimchuna Kulwa viganja vyote viwili, na makovu anayo. Haikushikika.

Lulu alikuwa amevuka mapema kabla maji hayajapanda. Alikuwa nyumbani, ameanua makopa, amekaa barazani anangoja mama yake.

Watoto wengine wote walilala majumbani kwao siku ile. Mwalimu hakuondoka shuleni hadi wa mwisho alipokabidhiwa mkononi kwa mzazi wake, na habari ya mumewe alikuwa ameshaipata. Mwili wa Shamsudin ulipatikana kesho yake kwenye mikoko, tukamzika hapa Kerege.

Marehemu alikaa eda. Watu walikuja kumpa pole, wengine wakasema milango ya nyuma ipigiliwe misumari. Alijibu kutoka chumbani, "Mlango ubaki. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa mlangoni." Lakini jambo lililokuwa likimkosesha usingizi lilikuwa jingine. Alikuwa amesikia kwamba Lulu haendi shule, hali vizuri, na hasemi. Na kwamba watoto wenzake walimwambia yeye ndiye aliyemuua babu Shamsu.

Kwa kuwa yeye hakuweza kutoka, aliomba mtoto aletwe. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimhudumia wakati ule, na alikuwepo. Anasema kabla mtoto hajafika Mwalimu aliuliza, "Nikisema neno baya je? Nikimharibu zaidi?" Lulu aliingia, akasimama karibu na mlango, akaamkia kwa sauti isiyosikika. Mwalimu akamkalisha mkekani, wakala muhogo wa nazi. Kisha akamuuliza:

"Mwanangu, siku ile uliyaanua makopa yote?"

Lulu akatikisa kichwa kukubali.

"Yalilowa?"

"Hayakulowa."

"Basi wewe uliifanya kazi uliyotumwa na mama yako. Na babu Shamsu aliifanya kazi aliyotumwa. Aliyemtuma ni mimi. Si wewe. Umenisikia?"

Mtoto akalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na Mwalimu akamshika mpaka akalala mapajani mwake. Tangu hapo, kila Alhamisi Lulu alikuja kula muhogo. Eda ilipokwisha, siku ya kwanza ya Mwalimu kurudi kazini waliingia getini pamoja. Bado Mwalimu aliogopa. Miaka yote iliyofuata alikuwa akituuliza, "Mnamwonaje Lulu? Anacheka kweli au ananichekea mimi?" Leo Lulu yuko kidato cha pili, na tangu jana yumo ndani pamoja na kina mama.

Mwaka 2019 wananchi wa Mitopeni walijenga kivuko cha zege juu ya korongo, chenye vishikio vya chuma pande zote mbili. Kulwa alibeba mawe tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Marehemu alistaafu tarehe 3 Machi 2020, alipotimiza miaka sitini, akamkabidhi shule Mwalimu Saida, ambaye alikuwa msaidizi wake. Kustaafu kwake kulikuwa kwa jina. Kila mvua ya masika ilimkuta kwenye kivuko, mwavuli mkononi.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2022 kwa shinikizo la damu, na baadaye ikagundulika kwamba figo zimechoka. Kuanzia mwanzo wa mwaka 2024 alikuwa akipelekwa Dar es Salaam kusafishwa damu. Batuli alihamia kwake ili amuuguze, na Farhan ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha. Daktari alimshauri apunguze mawazo. Alimjibu, "Daktari, hayo mengine yote nitaacha. Chumvi nimeshaacha."

Mawazo yenyewe yalikuwa na sababu. Watoto wa Mitopeni sasa ni wengi kuliko mara mbili ya wale ambao shule ilichorewa. Wanakaa watano dawati moja. Mwaka huu likaja pendekezo la kujenga madarasa mapya palepale penye bwawa, kwa hoja kwamba eneo limelala bure, na mwezi uliopita malori yalimwaga vifusi pembeni mwake. Hakuna mwenye nia mbaya katika jambo hili. Wanaotaka madarasa wana watoto, na wanaotaka bwawa wana watoto, na mara nyingi ni watu walewale.

Jumapili, tarehe 4 Mei, uliitishwa mkutano. Tulimkataza asiende. Akasema tukimkataza ataondoka kwa miguu. Basi Farhan na mimi tulimbeba kwenye kiti cha plastiki. Mzee mmoja alisimama, akasema kwa heshima, "Mwalimu, sote tunakupenda. Lakini wajukuu wetu wanasoma wamesimama. Unataka tuwaambie nini?" Ilimchukua muda kupata pumzi. Akasema, "Waambie tunawatafutia mahali. Ila hapa pana mwenyewe. Maji yana kiwanja chake, tumeyapimia. Mkiyanyang'anya hayatagombana nanyi mkutanini. Yatakuja darasani." Naila akaonyesha mchoro mwingine, wa jengo la ghorofa moja upande wa juu karibu na barabara, ambapo pana uwanja wa mpira. Vijana wakanung'unika kwa ajili ya uwanja. Mkutano ukakubaliana vifusi visisogezwe mpaka masika yaishe, na uamuzi ufanywe mwezi wa saba. Hapo ndipo jambo lilipo hadi leo. Vifusi viko palepale. Mimi ni mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, sina sauti katika mkutano wenu, na simsemei marehemu zaidi ya alivyosema mwenyewe. Lakini nilipita pale leo asubuhi, nikasimama, nikahesabu hatua kutoka kwenye vifusi hadi kwenye maji.

Jumanne wiki hii, tarehe 13 Mei, mvua ilinyesha tena kwa nguvu. Mwalimu alikuwa hajiwezi, amelala, hajasema tangu alfajiri. Aliposikia mvua akafumbua macho, akamtazama mwanawe. Batuli akaelewa, akamtuma Farhan shuleni. Farhan alirudi amelowa chapachapa, akapiga magoti kitandani.

"Mama, darasani pakavu. Bwawa limejaa, halijafurika. Watoto wapo, wanaimba."

Akasema kwa taabu, "Wamehesabiwa?"

"Wamehesabiwa, mama."

"Nani kawahesabu?"

"Mwalimu Saida."

Kisha akasema, "Mwambie ahesabu tena."

Baada ya hapo alizungumza na Mola wake tu. Farhan alirudi shuleni kwenye mvua ileile akafikisha ujumbe, na Mwalimu Saida akapita darasa kwa darasa akawahesabu upya. Walikuwa wote. Farhan akarudi akamnong'oneza mama yake sikioni, na Batuli anasema uso wake ulilegea, mkunjo wa katikati ya nyusi ukaondoka. Tangu nimfahamu dada yangu nilikuwa nikidhani mkunjo ule ni alama ya kuzaliwa.

Mwalimu Mwanabaraka alifariki dunia nyumbani kwake, jana Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, wakati wa adhana ya alfajiri. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotufungulia nyumba zao, na walimu wa Mitopeni ambao tangu jana wamekuwa wakipokezana, nusu msibani na nusu shuleni, kwa sababu walijua asingependa watoto waachwe peke yao hata kwa ajili yake.

Marehemu ameacha watoto wawili, Batuli na Farhan, wajukuu wanne, wadogo zake, mimi Mwinjuma na ndugu zangu, wakwe, mashemeji na wajomba wa Kiwangwa na Saadani, binti yake wa Alhamisi, Lulu Kulwa, na wanafunzi wa Mitopeni, waliokwisha kuondoka na ambao kesho wataingia getini wakiwa na viatu vyenye tope.

Tunaelekea msikitini kwa ajili ya sala ya jeneza, kisha makaburini, ambako atalala karibu na Shamsudin. Mwenye kumdai au aliyeudhiwa naye, tunaomba aseme nasi au amsamehe. Sote tunatoka kwa Mwenyezi Mungu na njia ya kurudi ni moja.

Ee Mola, mja wako huyu alitumia umri wake kuwaogopea watoto wa watu wengine. Mpokee mahali pasipo la kuogopa. Apumzike, usingizi wake uwe mwepesi na kaburi lake liwe pana. Amin.